Kinywa cha Kulipwa

Ngungu, siku ya Yenga, tarehe 1 mwezi wa sita 1969

Katekista amepotewa na sauti. Padri akanituma mimi nisome matangazo ya ndoa. Nimesoma! Hata mbwa wa Mama Pétronille, anayeingia kanisani kila juma, alinyamaza. Mlangoni Mama Pétronille akaniambia nina sauti ya waziri.

Nimefikiri njia nzima. Seremala analipwa kwa mikono yake. Dereva analipwa kwa macho yake. Kinywa peke yake kinafanya kazi ya bure katika Masisi nzima. Basi, mwisho leo! Mimi Polycarpe, mkulima wa maharage, miaka arobaini na moja, nitakuwa orateur. Nitasema kwenye ndoa, matanga na sikukuu, na watu watalipa.

Nimemwambia mke wangu Athanasie. Akauliza nani atang'oa maharage. Haoni mbali, maskini.

Siku ya tatu, tarehe 4

Nimepata ubao wa sanduku la sabuni. Nimeandika: ORATEUR POLYCARPE. NDOA, MATANGA, SIKUKUU. BEI YA KUSIKILIZANA. Nikaupigilia misumari sokoni.

Saa sita mchinjaji alikuwa ametundika paja la mbuzi juu yake. Nilipolalamika akasema musumari ni musumari. Damu ikafunika herufi ya kwanza na za mwisho za ORATEUR, likabaki neno RAT. Wanafunzi wanaojua Kifaransa wakaanza kuniita Papa Panya.

Lakini jioni, kazi ya kwanza! Shemeji Séraphin, kaka ya Athanasie, anamwozesha mtoto wake Damien. Msichana ni Geneviève, binti wa Marcellin wa Kirolirwe. Wamependana miaka miwili. Wazazi wamekwisha kunong'onezana kuhusu ng'ombe wanne wa mahari, na siku ya posho, tarehe 7, watakaa kuzungumza mbele ya watu. Séraphin alitaka kumtumia baba yake mdogo, mzee anayelala katikati ya maneno yake mwenyewe. Nikamwambia orateur halali. Bei yangu mbuzi jike mmoja. Akaguna. Akakubali!

Akaniomba nisifanye mchezo. Kuna mwanaume mjane mwenye baiskeli mbili anayemzungukia Marcellin kila wiki kwa ajili ya msichana huyo.

Siku ya tano, tarehe 6

Mazoezi juu ya kinu, mbele ya kuku. Nimeazima koti la mwalimu, veston ya kweli. Mikono inaishia kwenye kiwiko, lakini kwa mbali haionekani.

Nimeuliza habari za mpinzani. Kwa upande wa msichana atasema Kanyamibwa, mchungaji wa Kirolirwe. Hana karatasi, hana shule, ana fimbo tu. Malipo yake ni kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi! Watu wa namna hii ndio wanaharibu kazi yetu.

Kirolirwe, siku ya posho, tarehe 7, mchana

Naandika nyuma ya kibanda cha ndama. Nieleze kwa haraka.

Nilianza na Mesdames et Messieurs. Wakatulia. Nikapandisha sauti. Nikasema mali ya shemeji yangu Séraphin haihesabiki. Ng'ombe zake zikienda kunywa, mto unakauka. Maziwa nyumbani kwake wanaoshea miguu. Makofi! Séraphin akanikanyaga mguu. Nikaona ananitia moyo, nikaongeza kwamba hata yeye mwenyewe hajui idadi ya zizi lake.

Kanyamibwa akainuka taratibu, fimbo mkononi.

Akasema: “Kama mutoni inakauka, siye tutaomba ngombe munane tu. Hatutaki kuzarau tajiri.”

Nane! Séraphin ana watano! Damien akafunika uso. Ndani ya nyumba kitu kilianguka na kupasuka. Wanawake wakanong'ona kwamba ni Geneviève, na chungu cha maziwa.

Nikasimama kurekebisha. Nikaeleza kwamba wale walikuwa ng'ombe wa diskuru, wa hotuba tu, si wa zizi. Watu wakacheka, lakini si Marcellin. Alisema ao amedanganywa, ao anadharauliwa, na kwa vyote viwili binti yake anaweza kubaki nyumbani. Kisha akamtaja mjane wa baiskeli.

Athanasie aliniangalia. Katika miaka kumi na minane ya ndoa hajaniangalia hivyo. Nikasema natoka kuona kama mvua inakuja. Katika kiangazi!

Kama ndoa hii imekufa, nimemvunja kijana moyo, na nyumbani kwangu sitakula tena. Ee Bikira Maria. Ndama ananilamba sikio.

Siku ileile, jioni

Imepona! Ndoa imepona! Nimeshusha pumzi mpaka kifungo cha veston kimeruka.

Damien mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita, anacheka na kulia pamoja. Alinieleza yote. Ilikuwa mara nilipotoka. Athanasie akaomba ruhusa ya kusema, akapiga magoti mbele ya wazee.

“Papa Marcellin,” akasema, “kaka yangu iko na ngombe tano. Moja ni ya maziwa ya watoto. Tunaleta ine. Damien anapenda mutoto yenu. Bwana yangu, yeye anapenda sauti yake.”

Basi. Hivyo tu! Bila Mesdames, bila Messieurs.

Kanyamibwa akacheka mpaka akaegemea fimbo. Akamwambia Marcellin kwamba ng'ombe wanne wa macho wanashinda nane wa masikio. Na Geneviève akatokea mlangoni, maziwa bado miguuni, akasema: “Papa, baiskeli mbili za nini? Hata moja sijue kupanda.”

Marcellin akanyoosha mkono. Wanne. Kasiksi ikazunguka. Hata mimi nilipewa mrija. Séraphin alinishika bega kwa nguvu sana, bado linauma, lakini hakunipiga. Mungu ni mwema.

Nikifikiri vizuri, nimeelewa kilichotokea. Nane iliwatisha wote. Baada ya kutishwa na nane, nani atakataa wanne? Kwa Kifaransa hiyo inaitwa tactique. Nilifanya bila hata kujua!

Ngungu, siku ya Yenga, tarehe 8

Séraphin ameleta mbuzi. Kamba akampa Athanasie. Amekosea kwa sababu ya furaha. Mbuzi analala nyumba ileile.

Mama Pétronille amemwomba Athanasie aseme neno kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Athanasie! Nikamweleza kwa upole kwamba yule hana mazoezi.

Siku ya ine, tarehe 26

Sifa zangu zimefika porini! Leo amekuja Papa Gustave, ametembea kutoka Ntoto, huko Walikale. Anamwozesha binti yake Généreuse. Habari za Kirolirwe amezisikia kutoka kwa wachuuzi wa chumvi, na amenitafuta mimi kwa jina.

Anataka niseme kwa upande wa wakwe, yaani wale wanaotoa mahari. Atalipa yeye mwenyewe! Kapu la nyama kavu na vibuyu viwili vya asali. Wakwe amekwisha kuwaambia kwamba mimi ni zawadi yake kwao. Nikamuuliza mbona hataki niseme upande wake. Akaangalia chini, akakohoa.

“Papa Polycarpe,” akasema, “kinywa kama hiki, muntu hawezi kukifichia kwake peke yake.”

Moyo mkubwa namna gani! Kule mbele ya watu, akaomba, nisifiche chochote cha utajiri wao. Nimempa mkono. Tunaondoka kesho.

Athanasie alicheka mpaka akaketi juu ya lundo la maharage. Sijui kwa nini. Akasema hata hivyo nyama italetwa nyumbani, niende salama.

Nimeanza kuandika. Hao wakwe siwajui hata sura. Kwa sasa nimewapa mbuzi mia mbili. Nitaongeza njiani.