Mashine ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeiua mashine ya Mzee.

Mzee ni baba wa mchumba wangu. Yuko hospitali, anafanyiwa upasuaji wa macho. Aliniachia ufunguo nimwagilie maua yake, akasema akirudi Jumapili atanipa jibu la posa. Akaongeza jambo moja tu: meza ya dirishani nisiiguse. Juu ya meza hiyo ipo kompyuta yake ya ujanani, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni, inayosoma programu kutoka kwenye kaseti. Programu yenyewe aliiandika kwa ajili ya mkewe, ambaye sasa ni marehemu.

Nikafikiri: nijifunze kuitumia, Mzee akirudi anikute nimebobea! Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikaona adapta ndiyo imechoka, nikachomeka ya mashine yangu ya kunyolea. Iliingia vizuri kabisa. Tss. Moshi!

Nimefungua madirisha yote. Maua nimeyamwagilia mara mbili, kwa woga tu.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi simu wa mtaani kwetu amechungulia ndani. Chipu kuu imeungua, hakuna cha kuokoa leo wala kesho. Nimekwisha!

Lakini akili ninazo. Nimemwambia tutoe matumbo yote, tubakize ganda na kibodi, ndani tupachike kikompyuta kipya chenye emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani. Nje ni ileile. Ndani nani atajua? Fundi akauliza kwa nini nisimwambie tu Mzee. Nimemcheka. Fundi hajawahi kuchumbia.

Matumbo halisi yako uvunguni mwa kitanda changu, kwenye boksi la viatu.

Jumatano, 6 Agosti

Imewaka kwa kubonyeza mara moja! Bora kuliko ya awali. Tukaweka kaseti ya Mzee. Skrini ikawa nyeusi, kisha herufi kubwa: WEWE NI NANI?

Nilikimbilia mlangoni. Nikamkuta Fundi ameshafika.

Aliporudi na kuisoma ile programu mstari kwa mstari, akaanza kucheka peke yake. Siku zile watu walinakili programu za wenzao wakazitia kwenye mashine za kuigiza, basi Mzee akaweka mitego. Chipu ya zamani ilizaliwa na kasoro: ukiiamuru iruke kwenda mahali fulani kwenye kumbukumbu, na anwani ikaangukia ukingoni mwa ukurasa, inatua pasipo pake. Mashine ya kweli inakosea, inaendelea salama. Emuleta yetu imeandikwa na vijana makini, wakaiondoa kasoro. Kwa hiyo inatua panapostahili, na hapo hasa ndipo Mzee ameweka swali lake.

Yaani nimekamatwa kwa kufanya jambo kwa usahihi. Haijawahi kunitokea.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi ameifundisha emuleta kukosea. Tukawasha. BADO SIKUJUI.

Mtego wa pili: programu inachungulia anwani isiyo na kitu chochote. Mashine halisi hurudisha mabaki ya kilichopita kwenye nyaya, yetu inarudisha sifuri, safi kabisa. Tukaichafua. Tukawasha tena. UNA HARAKA GANI? MWENYE NYUMBA YUKO WAPI?

Nikachomoa waya ukutani. Najua ni herufi tu. Lakini nimo sebuleni kwa watu, picha ya marehemu inanitazama, na kitu nilichokitoa matumbo kinauliza mwenye nyumba. Fundi anasema mashine halisi hupunguza mwendo kila inapochora skrini, yetu inakimbia tu. Akaipunguza.

Safari hii: KARIBU, MAMA. KAZI IMEKUCHOSHA? Kisha wimbo mfupi wa milio. Fundi alivua kofia. Mimi nilijisikia vibaya kuliko nilipokuwa naogopa. Halafu nikaendelea kuogopa.

Jumamosi, 9 Agosti

Shemeji amekuja. Kaka wa mchumba wangu, mkaguzi wa hesabu, hata salamu anazipokea kwa kuzichunguza. Amenusa mapazia. Akauliza nani anavuta sigara humu. Nikasema mimi, nimeanza juzi. Akaishika mashine kiganja kizima. Akasema ya baba huwa na joto hata ukilaza mkono juu unasinzia, mbona hii ya baridi? Nikasema hali ya hewa.

Alipoondoka nilikimbia kununua taa ya kupasha vifaranga, ile balbu nyekundu. Imeingia ndani ya ganda kwa shida. Inapasha vizuri! Kwenye matundu ya kibodi inavuja mwanga mwekundu kidogo, nimeyaziba kwa sabuni.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee amerudi, miwani mipya usoni, mchumba wangu kamshika mkono. Hakuketi hata kwenye kochi. Moja kwa moja mezani.

Akalaza kiganja. Joto. Akatabasamu! Akauliza nani kaiwasha, nikasema nimeipasha kidogo kwa ajili yake. Shemeji akanuna. Nikaanza kupumua.

Mzee akasema basi izimwe, aiwashe mwenyewe. Akaizima. Akabonyeza swichi kwa mkono wa kulia, akanyanyua wa kushoto juu, kiganja wazi. Mashine ikawaka palepale. Mkono wa Mzee ukabaki hewani.

"Imewaka," akasema.

Nikasema ndiyo, Mzee.

"Yangu haiwaki bila kofi. Tangu mama yao yuko hai."

Kofi! Siku ile ilihitaji kofi tu! Kabla sijasema neno, mkono ulishuka kwa mazoea. Balbu ikapasuka. Moshi ukatoka kwenye kibodi pamoja na povu la sabuni.

Nikasema yote. Sikuruka hata sigara. Mzee akacheka mpaka akashika macho, na daktari amemkataza. Kisha akasema ningemwambia Jumatatu ileile angenisamehe Jumatatu ileile. Ni plastiki, mkewe hakumweka humo. Posa ameikubali kwa sharti moja tu: nikiharibu kitu, nimwambie siku hiyohiyo.

Nimeapa mbele yao wote. Mchumba wangu amelia. Shemeji kanipa mkono, shingo upande. Mimi ni mtu mpya!

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka boksi la viatu ili tuitengeneze mashine pamoja. Mzee alikuwa amejilaza kidogo. Nikakaa kwenye kiti chake nimsubiri. Kraa!

Miwani. Ile ya daktari. Vioo vyote viwili.

Nimetoka mbio mpaka kwa Fundi. Kwenye droo yake kuna miwani ya mteja ambaye hakurudi tena, fremu rangi ileile. Fundi akauliza kwa nini nisimwambie tu Mzee. Nimemcheka. Kioo ni kioo.

Sasa Mzee ameamka, ameivaa. Naandika hapa mezani kwake. Anaitazama picha ya mkewe ukutani, anasogea, anarudi nyuma, anasogea tena. Amesema leo mama yao amekuwa mbali sana. Akaniuliza, "Mkwe, nawe unamwona hivyo?"

Ni mara yake ya kwanza kuniita mkwe. Nimemjibu kwamba nami namwona hivyohivyo.