Macho ya Shemeji Feleti

Jumatatu, 3 Machi

Meliame ameapa, na mke wangu haapi hovyo. Kesho niende zahanati nikapigwe picha za nyuma ya macho. Mashine ikiona sukari imeyaharibu, nyama ya kondoo yenye mafuta nisahau. Na Jumamosi ni karamu ya kanisa! Ni mashine mpya, inasoma picha yenyewe, hailainishwi kwa utani. Nimezunguka uani mpaka kuku wamenikimbia.

Nimepata! Feleti, kaka yake Meliame. Husoma kitabu cha nyimbo bila miwani. Aende kwa jina langu. Kasema sawa, ila kichwa cha nguruwe Jumamosi ni chake. Mnyang'anyi!

Jumanne, 4 Machi

Nesi Kalolaine ametoka mji mkuu, Nuku'alofa, juzi tu, hapa kisiwani Vava'u hamjui mtu. Nimejibanza nyuma ya mshelisheli. Feleti akatoka na karatasi. Alama nyekundu! Macho yote mawili! Akacheka kwa shida, akasema mashine mbovu hiyo, na nisimwambie mtu.

Lakini jina ni langu. Chakula cha jioni: majani matupu. Hata tui la nazi hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Nesi kaja nyumbani kumtafuta Lopeti, yaani mimi. Nikatoka. Akanitazama, akatazama karatasi. "Baba, wewe siye."

Akasema mishipa ya yule mtu inavuja damu ndani ya jicho. Haumwi chochote, lakini akiachwa atapofuka. Daktari wa kutibu macho kwa miale yupo mpaka Ijumaa tu. Ni nani?

Nikafikiri kwa muda mrefu kuliko inavyompasa binadamu. Nikitaja, nimekwisha. Meliame akasogea mlangoni.

Nikasema, "Feleti."

Meliame hakupiga kelele. Alivaa viatu akaenda kwa kaka yake. Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 6 Machi

Feleti amepimwa damu. Ana sukari, tena nyingi, na hakuwahi kujua. Wamemchoma miale. Nikamshika mkono kumrudisha, machozi yakimtiririka kwa mwanga. Mlangoni akauliza, "Shemeji, je, kama ungenyamaza?" Akanifinya bega, akaingia.

Mimi pia nimepigwa picha, macho yangu mwenyewe. Nafuu! Mabadiliko kidogo, nirudi mwakani. Nikamkimbilia Meliame na karatasi. Kasema nyama bado marufuku. Si kwa ajili ya sukari, kwa ajili ya uongo.

Jumamosi, 8 Machi

Karamu. Mimi na Feleti mkekani, kila mtu na kiazi kikuu cha kuchemsha. Kichwa cha nguruwe amekila mchungaji.

Nesi Kalolaine akasimama kutangaza: mwezi ujao, wenye sukari wote watapimwa miguu. Miguu! Yangu ina ganzi tangu Krismasi.

Nimekagua mkeka mzima, unyayo kwa unyayo. Mwalimu mpya wa kwaya ana miguu laini kama ya mtoto mchanga. Mpole, hana ndugu kisiwani.

Nimehamia karibu naye. Nimempelekea nanasi.