Kila Programu na Chumba Chake

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesema foronya yake sifui. Isubiri. Ina harufu ya sabuni ya kunyolea na ya Laurenti mwenyewe, na mpaka Jumamosi sina harufu nyingine ya kunifariji.

Ameondoka asubuhi. Mume wangu! Kila nikiliandika neno hili natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu. Ndoa haijamaliza hata mwezi, keki bado iko kwenye friji, halafu chama cha wakulima wa viungo huko Kinole kinamwita. Wamenunua mzani mpya wa kielektroniki. Laurenti ndiye aliyewaandikia programu yake: mkulima anaweka gunia la pilipili manga au la mdalasini, mzani unasoma, kompyuta inatoa risiti. Siku ya kwanza ya kupima ni Jumamosi. Mambo yakienda sawa, jioni yake yuko nyumbani. Jumamosi! Nimeshachagua mpaka kanga.

Sikumwacha aende hivihivi. Jana alipokwenda kumuaga kaka yake, niliifanyia usafi laptop yake. Mshangao wa mapenzi! Nina cheti cha kompyuta, mimi si mgeni. Nikakuta ana programu tatu, kila moja na folda yake, na ndani ya kila folda zimejaa pakeji zilezile. Pakeji ni vipande vya kazi vilivyoandikwa na watu wengine huko duniani. Programu yako inaviazima ili usianze kila kitu mwanzo. Sasa kitu kimoja kiwekwe mara tatu kwa nini? Nyumba ya watu wawili, masufuria matatu ya wali! Ubachela tu huo. Nikafuta zote, nikaweka seti moja ya kutumia pamoja. Na kila pakeji nikaitafutia toleo jipya kabisa. Amri yenyewe inaitwa pip. Kama kifaranga! Nikaiita, vikaja vifaranga vipya tupu.

Hajui. Atafungua huko, ataona jinsi ndani kunavyong'aa, atajua kwamba sasa ameoa.

Kutoka barazani naiona milima ya Uluguru imejifunika ukungu. Yuko nyuma ya ukungu ule. Nimempungia mkono. Jirani ameniona. Potelea mbali.

Jumanne, 12 Agosti

Amepiga! Sauti inakatikakatika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa, lakini ni yake. Nikamwambia nimemkumbuka. Akasema naye amenikumbuka, ila maandishi mekundu yamejaa kioo kizima. Programu haitaki kuwaka. Pakeji inayosoma mzani inataka pakeji ya hesabu iwe ya toleo la kwanza, imekuta la pili, basi imesusa. Akiirudisha ya kwanza, pakeji inayochapa risiti inanuna, maana yenyewe inataka hiyo ya pili.

Nikaukumbuka usafi wangu. Nikauliza kwa sauti tamu kabisa kama si hali ya hewa ya milimani. Unyevunyevu. Akasema unyevu haubadilishi namba za matoleo. Jinsi anavyoeleza! Taratibu, bila kupandisha sauti. Mkoa huu mzima hauna mwanaume kama yeye. Akauliza kama kuna mtu aliigusa laptop. Nikasema nani aiguse, mpenzi, labda vumbi. Mtandao ukakatika hapohapo. Mungu ni mwema.

Nikapiga tena mchana. Akapokea mwanamke!

Anaitwa Regina. Karani wa chama. Akasema Laurenti amekwenda kula, simu ameiacha kwenye chaji, amwambie nani kapiga? Nani kapiga! Nikasema mke wake. Akasema aa, hongereni jamani, kumbe ameoa, maana hapa anashinda akiongea na kompyuta mpaka wakadhani hana mtu. Akacheka. Na alikuwa akitafuna. Nadhani ndizi.

Huyo si wa kumwachia mume wangu kwa siku moja zaidi ya Jumamosi. Nitamrudisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Nafasi imejileta! Laurenti ameandika kwamba mtandao wa Kinole hauvuti kitu. Ameniomba niende kwa Mansuri, rafiki yake mwenye duka la kutengeneza kompyuta karibu na soko, nipakue pakeji alizozitaja, kwa matoleo yaleyale, nisipandishe wala nisishushe, niziweke kwenye flashi, nimpe dereva wa gari la Kinole. Mwishoni kaweka moyo mwekundu. Nimeubusu. Kioo cha simu kimebaki na mafuta ya midomo.

Nikakaa kwenye kompyuta ya Mansuri, nikausoma ujumbe vizuri, nikashtuka. Karibu zote alizozitaja ni za zamani! Nyingine zimetoka tukiwa bado hatujajuana. Na palepale, kando yake, kuna toleo jipya limetulia, linasubiri kuchukuliwa. Nikajiuliza: mke mpya, kitu cha kwanza anachomtumia mumewe akiwa safarini, amtumie kiporo? Regina akione? Maana lazima atachungulia. Atasema hee, kumbe mke wa mjini anatuma makombo.

Nikapakua mapya. Yote. Mansuri akaniuliza, shemeji, namba zimelingana? Nikamwambia zimezidi. Akanitazama kwa muda mrefu. Nikatoka kabla hajamaliza kunitazama.

Flashi nimeifunga kwenye leso niliyoishika siku ya harusi, nikainyunyizia manukato. Dereva ameinusa, akauliza kama ni dawa ya mbuzi. Mshamba.

Alhamisi, 14 Agosti

Imefika! Laurenti anasema leso ameiweka mfukoni. Nikauliza mfuko gani. Wa shati. Upande wa moyo!

Yaliyofuata sikuyasikia vizuri kwa furaha. Ila yalihusu maandishi mekundu, kwamba sasa hayaishi hata ukiyavuta mpaka chini. Na Mzee Lukasi, mwenyekiti wa chama, alikuja akasimama nyuma yake, akayatazama kimya kama anayesoma tangazo la msiba, kisha akasema kijana, kama kimekushinda sema mapema, mzani wetu wa mawe bado upo stoo. Wakulima wa juu wameshaanza kushusha magunia. Jumamosi ikishindikana, chama kinaita fundi mwingine kutoka Dar, kazi anapewa huyo, na Laurenti atalazimika kubaki hukohuko kumkabidhi mpaka huyo fundi aseme ametosheka.

Mpaka aseme ametosheka! Watu wa Dar hutosheka lini?

Akaniuliza, kwa upole uleule, kama nina hakika nilipakua namba alizonipa. Nikamjibu kwamba nilipakua kwa upendo. Akasema sawa. Akavuta pumzi. Nimekaa na pumzi ile sikioni siku nzima.

Nimelia kidogo kwenye foronya. Pembeni tu, harufu isitoke.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Nimetoka misani moja kwa moja hadi kwa Mansuri, na gauni langu la kanisani. Nikamweleza kwamba kuna mtu fulani alisafisha laptop ya mumewe, akafuta folda fulani, akaweka vitu vipya fulani. Mansuri hakuuliza ni nani. Akasema tu, shem, huyo mtu mwambie pole. Kisha akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa mafundisho ya Jumapili habari za safina.

Kwamba kila programu hupewa chumba chake. Humo ndani inakaa na matoleo yanayoelewana nayo, yawe mapya yawe ya zamani, na ya chumba cha pili hayaingii. Zile nilizoziona zimerudiwa hazikurudiwa, vilikuwa vyumba. Ukivivunja ukawaweka wote pamoja, huyu anadai la kwanza, yule anadai la pili, na nyumba nzima inalala bila taa. Upya peke yake si kitu. Kitu ni kuelewana.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Kichwa kimekubali. Moyo umegoma. Vyumba tofauti! Na anamwambia nani? Mtu aliyeolewa juzi! Nikamwambia shemeji, wakae pamoja tu, watazoeana. Akajibu kwamba maneno hayohayo ndiyo yaliyomfanya yeye asioe mpaka leo. Mteja aliyeleta printa akacheka mpaka akatafuta kiti.

Mansuri akafungua chumba kipya, akapakua mwenyewe zile za Laurenti, namba kwa namba, akajaribu na nakala ya programu aliyonayo. Ikawaka mara moja, kama taa. Sikuamini. Vitu vikuukuu vile! Akaweka kwenye flashi, akaipeleka kwa dereva yeye mwenyewe. Mimi nyuma kama mgeni kwenye harusi yangu. Nilipoomba angalau niipulizie manukato, akainyanyua flashi juu ya kichwa. Mtu mzima!

Jumamosi, 16 Agosti

IMEWAKA!

Laurenti amepiga asubuhi, nyuma yake nikasikia watu na mbuzi na magunia yakitupwa. Mzani unasoma. Risiti zinatoka. Bibi mmoja kaifunga yake kwenye pindo la kanga, akaipigapiga kuhakikisha ipo. Mzee Lukasi kampa mkono, wa pili ukashika kiwiko, heshima kabisa. Anapanda gari la jioni! Anakuja! Akaniita Hosi, akasema natamani barabara ikunjike kama mkeka nifike sasa hivi. Nikakaa chini.

Nimechinja kuku. Wali wa nazi. Kanga ya njano. Nimefagia mpaka kwa jirani.

Alasiri nikapiga kumuuliza kama atakula njiani, maana sitaki ashibe vya watu. Akapokea Regina. Akasema Laurenti yuko nje kwenye gari anafunga begi, simu bado iko kwenye chaji, na laptop amewaachia ofisini kwa kupimia. Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya unyenyekevu. Dada, akasema, wewe si mke wa fundi? Mke wa fundi! Moyo ukalainika kama siagi. Akasema kwenye kioo pameandikwa kwamba kuna matoleo mapya yamepatikana. Fundi kasema asiguse kitu. Lakini je, siyo aibu kuyaacha?

Nikaona huyu dada nimemdhulumu. Kumbe ana roho safi. Anaijua tofauti ya kipya na kiporo. Na mtandao wa Kinole, uliosinzia wiki nzima, saa ile ulikuwa macho! Nikasema mume wangu anakuja kwangu, basi angalau aiache ofisi ya watu ikiwa imependeza. Nikamtajia amri, herufi moja moja. Akaandika. Akasema inatembea. Akasema asante sana, kumbe na wewe ni fundi.

Tumeagana kama ndugu. Sasa nasubiri gari.

Jumapili, 17 Agosti

Hakuja.

Alikuwa ameshakanyaga ngazi ya gari, mguu mmoja juu. Dereva amewasha. Mzee Lukasi akatoka ofisini akiita jina lake kama mtu aliyeibiwa. Gunia la mtu lilikuwa bado juu ya mzani, na kioo kizima chekundu.

Usiku kucha wakulima wamelala na magunia yao. Leo Laurenti anakifungua chumba upya kwa flashi ya Mansuri. Kazi hawajamnyang'anya, ashukuriwe Mungu. Ila Mzee Lukasi ameamua: fundi haondoki mpaka gunia la mwisho la msimu lipimwe. Halali mbali na ile laptop. Inalala naye chumba kimoja. Laptop!

Ameniuliza ni nani alimwambia Regina aandike ile amri. Nikamwambia kidole kilikuwa cha Regina. Nikahesabu jogoo wawili wa Kinole wakiwika kwenye simu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha puani nilichokipenda tangu siku ya kwanza, akasema Hosi, nakupenda, lakini tafadhali usiguse kitu chochote chenye waya.

Nakupenda! Mbele ya Mzee Lukasi, niliyemsikia akikohoa kando yake! Yale mengine ni kelele za mtandao tu.

Nimekula mapaja yote mawili ya kuku. Machozi na pilipili.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimewaza vizuri. Kosa nimeliona. Amri ile haifundishwi kwa simu. Mtu akiwa mbali hukosea nafasi, huruka herufi, ndiyo maana ikaharibika. Ningekuwa pale mwenyewe, nimesimama kando ya mume wangu, nimeshika bega lake, pasingekuwa na wekundu wowote.

Na sikuanza mimi kuwaza hivyo. Regina ametuma ujumbe leo asubuhi. Anasema Laurenti amekonda kidogo, na ananitaja. Anasema nikienda atanipikia magimbi. Na kwamba ofisi za chama kule juu zina kompyuta nyingine kuukuu, makarani wenzake wamesikia habari zangu, wanaomba niwafundishe namna ya kuzifanya mpya zote kwa mpigo.

Nimemjibu wazikusanye. Kabla mwezi haujaisha naja.