Wageni Wasalimie Kila Mtu

Jumatatu, 15 Julai
Nimepata njia! Wanafunzi wanane wa kigeni wanafika keshokutwa kwa masomo ya likizo hapa kwetu Baraka. Mkurugenzi Sebineza ameniagiza, mimi karani wake, niwapokee parkingi ya magari na kutembea nao hadi shuleni. Mimi! Mbele ya wageni ulimi wangu hukauka kama samaki wa ndagala juani. Lakini mkataba wangu wa majaribio unakwisha Jumamosi. Bila sahihi yake narudi kijijini Nundu kulima mihogo ya baba. Kwa hiyo nimependekeza kitu bora: mwongozo ulioandikwa. Mgeni mwenye mwongozo hahitaji karani. Amekubali. Arlette, mhasibu wetu, amecheka: eti naogopa watu kuliko mamba. Wivu mtupu.

Jumanne, 16 Julai
Mwongozo umekamilika. Chandarua, maji ya kuchemsha, vumbi la kiangazi, kutopiga picha askari. Sura ya adabu ndiyo fahari yangu: wamsalimie kila mtu watakayekutana naye, waulize habari za nyumbani, watoto na kazi. Wakikaribishwa wasikatae. Wakipewa chakula, wale. Nimepiga mstari chini ya "kila mtu", kisha nimewatumia kwa simu. Arlette: "Casi, si wende tu kubachukua? Parkingi iko hapa karibu!" Hajui utawala, huyu.

Jumatano, 17 Julai
Maafa! Gari limewashusha saa tatu. Ufunguzi wa masomo saa nne. Mgeni wa heshima yupo. Kwaya imeimba nyimbo zake zote, ikaanza upya. Wanafunzi hawaonekani. Saa nane wameingia wakijikokota, mmoja amebeba jogoo wa zawadi. Wamesalimia Baraka nzima! Wauza mkaa, waendesha pikipiki, hata fundi aliyekuwa juu ya paa, wamemsubiri ashuke. Wamekula bugali na sombe ya majani ya mihogo katika nyumba sita. Mgeni wa heshima alishaondoka, bila kumuaga yeyote. Mkurugenzi amesoma sura ya adabu polepole, akasema nirekebishe au nirudi kwenye mihogo.

Alhamisi, 18 Julai
Nimerekebisha. Kazi ya dakika moja: wasimsalimie mtu yeyote njiani. Macho chini. Arlette amenishauri tena niwasindikize. Mwanamke huyu ana wimbo mmoja tu.

Ijumaa, 19 Julai
Nani kaniroga? Asubuhi wageni wamempita Mama Bazubagira, mzazi wa Mkurugenzi, akiwa amekwisha kuwanyooshea mkono. Wote wanane. Mstari mmoja, kimya, macho chini. Amekuja bureau, ofisini kwetu, kulalamika. "Ile batoto banapita kama banatoka kuzika! Hata ng'ombe ikifika kwa mutu inalia! Nani alibafundisha?" Nilikuwa nyuma ya kabati. Arlette, kwa upole wa nyoka: "Mama, mwenye kuandika iko pale. Angalia, viatu vyake vinaonekana."
Hukumu ya Mkurugenzi: kesho saa mbili niwapeleke wageni kwa Mama, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, tuombe msamaha. Nikifanya hivyo, mkataba unasainiwa papo hapo. Mama alipotoka amenishika bega. "Kuya tu, mwanangu. Siko na hata meno ya kukuuma."


Jumamosi, 20 Julai
Nimeamka na njia mpya. Mwongozo wa kuomba msamaha! Ukurasa mmoja tu. Makosa ya kurasa nyingi sirudii. Nimeupitisha chini ya mlango wa wageni kabla hawajaamka: waende wenyewe, wapige magoti, wasiinuke hadi wasamehewe. Tatizo moja dogo. Mama hawamjui kwa sura, kwa sababu walipompita walikuwa wanatazama chini, kama nilivyowaagiza. Kwa hiyo, kwa usalama, nimeandika waombe msamaha kwa kila mtu. Mistari miwili chini yake.
Mimi nitashikwa na malaria saa mbili kamili. Saa nne nitakuwa nimepona, niende kuchukua mkataba wangu.