Kiti cha Pipa la Betri

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mgongo umekataa. Leo nimevuta kamba tangu alfajiri, viroba arobaini vya mawe kutoka shimo la mzee Masele. Mwaka wa tatu huu niko machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa. Masasi kwetu nakusikia kwenye simu tu.

Jioni mtendaji wa kijiji, Mama Euphrasia, kaitisha mkutano. Betri za kuchaji za tochi zetu za kichwani zikifa, marufuku kuzitupa chooni, kwenye mashimo ya zamani, wala motoni. Zina sumu, tena hulipuka. Zipelekwe ofisini, kwenye pipa la mchanga, gari lije kuzichukua. Pipa linatafutiwa mlinzi. Atakaa kwenye kiti, chini ya turubai. Atachaguliwa Jumamosi kwa juhudi zake za kukusanya betri.

Kiti. Kivuli. Mengine sikuyasikia.

Jumanne, 10 Juni
Nimezunguka kambi nzima na ndoo. Betri nne. Wachimbaji wanasema betri haifi, inapumzika tu. Wanazianika juu ya bati zifufuke.

Thobias, mwenzangu wa kamba, mtu wa Kasulu, naye anakitaka kiti. Amepata tisa. Anawapa shikamoo hata wadogo zake. Mtu wa namna hiyo ni hatari.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata akili. Watu wa hapa hawaogopi kitu kama dhahabu kukimbia. Ukigombana shimoni, inakimbia. Ukiingia na viatu, inakimbia. Basi asubuhi, nikinywa uji kwa Mariana, nikasema kwa sauti ya chini, ile inayofika mbali, kwamba betri iliyokufa ikilala kambini dhahabu inahama. Mariana kauliza hayo nimeyasoma wapi. Nikamwambia darasa la tano, ndipo nilipoishia.

Hadi jioni nina sitini na tatu. Watu wanazileta mbio, wamezishika kwa vidole viwili kama panya mfu.

Alhamisi, 12 Juni
Themanini na saba. Ziko chini ya kitanda changu. Thobias ana thelathini na moja, anazifunga tepu kwenye ncha, moja moja, kama anafunga vidonda. Nimemcheka. Kasema ndivyo Mama Euphrasia alivyoagiza. Nikamwambia atafunga mpaka Krismasi.

Ijumaa, 13 Juni
Mawe ya Masele yamesagwa leo. Matupu. Hata mng'aro hakuna. Masele kauliza nani analala na betri. Kambi nzima ikanigeukia.

Nikaeleza kwamba habari ile ni uongo. Masele kasema yaya, yaani hapana kwa Kisukuma, na akiisema haibishwi. Kasema uongo hauwezi kumaliza dhahabu yote ile. Watu sita wamekitoa kitanda nje, nami nimekaa juu yake. Masele kasema kamba ya shimo lake siigusi mpaka nioge maji ya mwarobaini siku tatu.

Si kitu. Kesho nina kiti.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefika ofisini na ndoo kichwani, nimempa Mama Euphrasia shikamoo yangu safi. Marahaba haikuja. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu. Ndoo inafuka moshi. Betri zangu hazikufungwa tepu, zimegusana njiani, zikashika moto. Nimeitupa ndoo chini.

Watu wametawanyika. Thobias peke yake kabaki, kachota mchanga, kaufukia moto. Mama Euphrasia kaniuliza Jumatatu nilikuwa wapi alipoeleza habari ya tepu. Nikasema nilikuwepo, mstari wa mbele. Kasema hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Kiti kapewa Thobias.

Jumapili, 15 Juni
Nimeoga mwarobaini. Hata nzi wananikwepa. Nimepita ofisini, Thobias yuko kivulini, amelala mdomo wazi. Roho imeniuma mpaka nikapata akili nyingine.

Nimekwenda kumnong'oneza Mariana kwamba mwanaume akikaa karibu na betri zile, nguvu za kiume zinamwishia. Thobias anaoa mwezi ujao. Akisikia tu, kiti ni changu.

Mariana kacheka mpaka mwiko umezama kwenye uji. Kaniuliza, na wewe bwana Januari, uliyelala juu ya betri themanini na saba?

Hilo sikulipigia hesabu. Nikamjibu kwamba mke wangu yuko Masasi, umbea wa Rwamgasa haufiki huko. Aeneze tu.