Kasi ya Plastiki Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Profesa anayenisimamia kapiga simu. Anataka jedwali la kasi wiki hii hii, la sivyo naondolewa kwenye uzamili. Majaribio manane. Ninayo mawili. Madamu Kokushubira, tunayefundisha naye kemia hapa shuleni Bugene, alimaliza yake Januari. Kaniambia pole. Pole ile imeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Jaribio lenyewe halina makuu. Kimiminika cha vinili huelea juu kama mafuta. Kianzishi, kemikali inayoziwasha molekuli ziungane, kimeyeyuka kwenye maji, chini. Havichanganyiki. Kichocheo hukibeba kianzishi na kukivusha juu, ndipo molekuli za vinili huungana kuwa plastiki. Mimi napima zinaungana upesi kiasi gani. Basi. Mzee Kashaija, mtunza maabara, kanishauri nitoe hewa kwanza kwa naitrojeni, nusu saa, maana oksijeni huizuia plastiki kuanza. Nikamjibu kwamba nusu saa mara sita ni saa tatu, na sina. Nikaanza bila naitrojeni, saa nzima nikasubiri. Maji chini, mafuta juu. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi
Njia imepatikana! Majaribio sita kwa dakika ishirini, kwa kalamu. Nukta zote nane za mchoro zimekaa juu ya mstari. Nimetuma. Kokushubira kauliza mbona chupa zangu ni kavu. Nikamwambia mimi ni msafi.

Alhamisi, 6 Machi
Profesa kafurahi. Anasema hajawahi kuona data safi namna hii. Kesho anakwenda Kyerwa kwenye harusi ya mpwa wake. Atapitia hapa ajionee jaribio moja.

Ijumaa, 7 Machi
Naitrojeni nilitumia, Kashaija kasimama pale pale. Ili Profesa asichelewe harusi, nikazidisha kianzishi mara sita. Dakika ya kumi na mbili, uji mzito. Ya kumi na tano, fimbo ya kukorogea ikagoma. Chupa ikachemka, ikapasuka. Profesa akashika fimbo, akainua donge zima la plastiki, akauliza taratibu, "Mwalimu Nolasco, hii ni nukta ipi kwenye mchoro wako?"
Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumatatu, 10 Machi
Sijaondolewa. Kumbe Kokushubira aliniombea. Kamwahidi Profesa kwamba atanisaidia kurudia yote manane, moja kwa siku. Kaniletea na daftari jipya. Nimeona aibu, kweli. Nikakaa nikatafakari kosa langu bila kujipendelea, na nimelipata. Mstari ulinyooka mno. Safari hii nukta mbili tatu nitazisogeza pembeni.