Uzinduzi wa Uzio wa Vifaranga wa Bata

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bata Wakubwa na Wadogo, wataalamu wa mifugo mliofika na mliotuma udhuru, mwalimu mkuu uliyetuazima viti, mpiga picha wangu, mama mfugaji mwenye ua huu pamoja na shemeji yako fundi seremala, mabibi na mabwana, na bila kujisahau mimi mwenyewe, Mkurugenzi Msaidizi wa Ulinzi wa Viumbe Vichanga: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wanne.)

Ndugu wananchi, Jumatatu asubuhi vifaranga kumi na mmoja walianguliwa katika ua huu, na kufikia jana wamebaki saba, kwa sababu bata dume mnayemwita Meneja, akisaidiwa na majike wawili, anawadonoa vichwani na kuwakandamiza majini mpaka wanaishiwa pumzi, hali ambayo ofisi yangu inaiita changamoto ya mahusiano baina ya rika. (Mama mfugaji, amekumbatia beseni lenye vifaranga: “Mheshimiwa, anawaua.” Miguno.) Nimekusikia, mama yangu. Hoja yako imepokelewa na itaingizwa kwenye mfumo.

Hatukulala. Tumeendesha warsha tatu, na katika ile ya pili tulimwalika Meneja mwenyewe kama mdau mkuu, maana huwezi kupanga mambo ya bata bila kumshirikisha bata, tukampa kiti cha mbele, beji na maji ya kunywa, akayanywa, akachafua zulia, akamdonoa fasiliteta kidole, lakini karatasi ya mahudhurio aliikanyaga vizuri tu, na kwenye ripoti tumeandika kwamba ameridhia. (Vicheko.) Msicheke, ndugu zangu. Huo ni ushirikishwaji wa asilimia mia moja na kumi na mbili.

Kutokana na warsha hizo umezaliwa Mradi Jumuishi wa Uzio wa Vifaranga, wenye banda, waya, mlango, maji ya kina kifupi na awamu tisa, wazo ambalo nililipata mimi binafsi nikiwa naoga, na ndiyo maana nyuma yangu mnaona bango kubwa la mbao lenye picha yangu na, pale chini pembeni, kifaranga. (Sauti ya nyundo: ko, ko, ko.) Ahsanteni kwa makofi hayo mazito.

(Mama mfugaji: “Uzio wenyewe uko wapi? Meneja huyu hapa miguuni pangu.”) Mama yangu, uzio uko katika hatua za mwisho za mwanzo. Tumeunda kikosi kazi cha kuchagua ukubwa wa matundu ya waya, na kikosi hicho kimegawanyika vizuri sana. Mlinzi, hebu msogeze huyo bata. Taratibu, ni mdau. (Mlinzi anadonolewa goti, anarudi nyuma. Nyundo inazidi.)

Kwa hiyo nasema: kifaranga salama, taifa salama! Uzio kwanza, maneno baadaye! (Hakuna anayeitikia. Wote wanatazama nyuma yake.) Mbona jua linanipiga kisogoni?

(Anageuka.)

Basi, nihitimishe kwa shukrani. Nimshukuru fundi seremala, ambaye mimi nikihutubia yeye ameling'oa bango langu, akalikata, akaligongagonga likawa banda lenye mlango, na naona vifaranga wote saba wameshaingia. Mwenyekiti ananinong'oneza nimkaripie. Nitamkaripia kwa lipi? Maana, na hili mwandishi usiliandike, waya haikuwepo, awamu hazikuwepo, mradi wote ulikuwa bango hilo, na kesho lilikuwa liende mtaa wa pili kuzindua josho la mbuzi, tukishabandika mbuzi pale alipo kifaranga. Nawashukuru sana kwa uvumilivu wenu. Mpiga picha, njoo upige banda letu. Mama yangu, sogea pembeni kidogo, uso wangu uonekane hapo kwenye ubao.

(Meneja analikimbilia banda. Anamdonoa Mkurugenzi wa kwenye ubao puani, mara moja, mara mbili, mara tano. Ubao hautikisiki. Mama mfugaji anaweka beseni tupu chini: “Hapo sasa umewalinda, mheshimiwa.”)